Kijana Asiye na Jina: Vijana, Vurugu na Amani katika Chozi la Heri na Kigogo

Swali kuhusu nafasi ya vijana katika jamii limekuwa la kawaida mno katika darasa la fasihi. Mtahiniwa hulipokea kwa furaha kwa sababu miongozo imekwisha kumwandalia safu mbili: vijana wajenzi na vijana wabomoaji. Katika safu ya kwanza huwaingiza Tunu na Sudi wa Kigogo, kisha Mwangeka na Umulkheri wa Chozi la Heri. Katika safu ya pili huwaingiza wahuni, wabakaji na wachomaji nyumba. Hoja zinatosha, mifano ipo, alama zinapatikana. Makala haya hayana ugomvi na alama hizo. Ninalouliza ni jambo moja tu, mwalimu mwenzangu: umewahi kutazama majina yaliyo katika safu ile ya pili?

Hayapo. Vijana wajenzi wana majina, wana wazazi, wana shule walizosoma na mambo wanayoyapenda. Vijana wabomoaji ni kundi, ni genge, ni sauti nje ya mlango. Hili si jambo dogo la kiufundi. Mwanafunzi anayesoma kitabu hutafuta mtu wa kufanana naye, na hapana mtu anayejiona katika genge. Hata kijana ambaye wiki ijayo atapewa shilingi mia tatu akarushe mawe katika mkutano wa siasa hajioni humo. Yeye ana jina.

Tuanze na Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyochapishwa mwaka wa 2014. Msomaji Mkenya hawezi kuisoma bila kukumbuka vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilieleza mwaka wa 2008 kuwa ziliua watu 1,133. Ridhaa anateketezewa familia na mali. Kaizari anashuhudia binti zake, Lime na Mwanaheri, wakinajisiwa. Mtunzi hafichi unyama huo, na ni haki yake asiufiche. Lakini hebu tuangalie jinsi anavyogawa majina. Mzee Kedi, jirani wa miaka na mikaka anayemgeuka Ridhaa, ana jina. Tunalijua kosa lake na tunajua ni ujirani gani aliousaliti, kwa hiyo tunaweza kumhukumu kama mtu. Waliomvamia Kaizari hatuwajui. Hatujui walilala wapi usiku uliotangulia, nani aliwaambia nyumba ile ni ya nani, wala kama walilipwa. Wanaingia, wanatenda, wanatoka.

Wapo watakaosema kwamba mtunzi alikusudia hivyo: mhasiriwa wa vurugu hamwoni mshambulizi wake kama mtu, naye mshambulizi hamwoni mhasiriwa kama mtu, hivyo kutokuwa na jina ni sehemu ya taswira yenyewe. Hoja hiyo ina nguvu. Mimi naikubali nusu. Riwaya haisimuliwi na Kaizari peke yake. Msimulizi maizi anayeweza kuingia katika mawazo ya Ridhaa ukurasa baada ya ukurasa angeweza pia kuingia, hata kwa aya moja, katika mawazo ya mvulana aliyeshika kibiriti. Hakuingia. Na sisi walimu hatujawauliza wanafunzi kwa nini.

Hata hivyo, riwaya yenyewe imetuachia mlango, na mlango huo ni Hazina. Watahiniwa wengi humtaja Hazina kwa sababu ya mbinu ya sadfa: Umulkheri alimpa pesa alipokuwa mtoto wa mtaani, na baadaye, Umu akiwa amepotelewa na ndugu zake, ni Hazina huyo huyo anayekutana naye na kumsaidia kupata makao. Wanaandika "sadfa", wanapata alama, wanapita. Nadhani wanapita haraka mno. Hazina anatoka mtaani. Huko huko mtaani, kwenye njaa ile ile na gundi ile ile ya kunusa, ndiko wanasiasa wa vitabuni na wa duniani hukusanya vijana wanapotaka kuchoma au kufukuza watu. Kwa maneno mengine, Hazina na wale wasio na majina wangeweza kabisa kuwa walilala kwenye kibaraza kimoja. Kilichowatenganisha ni nani alimfikia nani kwanza. Hazina alifikiwa na msichana wa shule mwenye pesa kidogo na uso usiomdharau, kisha akapata makao na riziki halali. Wenzake yamkini walifikiwa na mtu mwenye pesa zaidi na orodha ya nyumba.

Ukiisoma riwaya kwa jicho hilo, utaona kwamba kazi ya amani inayofanywa na vijana ndani yake si ile tunayoiandika ubaoni. Tunamtaja Mwangeka kwa sababu alikwenda kudumisha amani Mashariki ya Kati. Ni kweli alikwenda, na kinaya kichungu kimejaa humo: mlinda amani wa ugenini anateketezewa mke na mtoto nyumbani. Lakini amani yake ya sare na silaha haikumwokoa mtu yeyote wa kwao. Amani inayofanya kazi riwayani ni ndogo na haina sare. Imo katika Shule ya Tangamano, Umulkheri, Mwanaheri, Kairu, Zohali na Chandachema wanaposimuliana waliyoyapitia. Mwanaheri amebeba unajisi na msiba wa mamake, Subira, aliyebaguliwa na wakwe kwa sababu ya kabila lake. Kairu ameonja ukimbizi. Hakuna mwalimu wala kamati iliyowaita wafanye mkutano wa upatanisho. Wanaongea tu, kila mmoja anagundua kwamba jeraha si lake peke yake, na hapo chuki inakosa mahali pa kuota. Sijui shule ngapi zetu humpa mwanafunzi nafasi kama hiyo. Ratiba nyingi ninazozifahamu zimejaa mitihani ya majaribio hadi Jumamosi jioni.

Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, inaelekea upande mwingine. Humu vijana hawakai chini kusimuliana, wanasimama langoni. Soko la Chapakazi limefungwa, Sudi amekataa kuchonga kinyago cha kumtukuza kigogo, Tunu anavamiwa na kuumizwa mguu lakini haachi mapambano. Wapo wasomaji wanaomwona Tunu kuwa mchochezi, hivyo si mhusika wa amani. Siwaungi mkono. Panapofungwa soko na kusambazwa vikaratasi vya kuwatimua watu, kunyamaza si amani. Lakini la kutufaa zaidi hapa ni kwamba Kea amethubutu kufanya lile ambalo Matei hakulifanya: amempa jina kijana aliye upande wa dhuluma.

Anaitwa Ngurumo. Tunamkuta Mangweni, mahali pa ulevi, akisifu maisha ya Sagamoyo wakati wenzake hawana soko la kuuzia. Ana maneno, ana kicheko, na ana sababu zake. Anamfaa Majoka, na Majoka anamfaa, hadi siku anapouawa na chatu na Sagamoyo ya Majoka ikaendelea bila yeye. Hapo mtunzi ametuonyesha utaratibu mzima wa kumtumia kijana: kumpa kinywaji, kumpa umuhimu, kumpa adui, kisha kumsahau. Mwanafunzi anayemcheka Ngurumo katika onyesho la kwanza huwa kimya anaposikia kifo chake. Hicho ndicho kimya ambacho Chozi la Heri haikutupa, pamoja na uzito wake wote.

Kasoro ya Kigogo iko kwingine. Tamthilia inakoma langoni. Umati umemwacha Majoka, Kingi amekataa kuamuru watu wapigwe risasi, na pazia linafungwa. Hatujui wale waliomuumiza Tunu wataishije naye katika Sagamoyo mpya. Matei ameandika sana kuhusu siku za baada ya moto, hata hospitali ya Ridhaa akaiita Mwanzo Mpya, ila amewasahau waliowasha moto. Kea amewakumbuka, ila hakutufikisha siku ya pili. Mwalimu anayefundisha vitabu hivi kwa pamoja ana bahati, kwani kila kimoja kinauliza swali ambalo mwenzake amelikwepa.

Kwa kuwa nimemtaja Kingi, nikumbushe tukio lisilo la kubuni. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Miongoni mwao alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyepigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata, Januari 2016. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na mwaka wa 2017 tukio hilo likazaa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kingi na abiria wale wanatenda kitendo kimoja kwa sarufi: kitenzi "kukataa". Ninapendekeza wanafunzi wafundishwe kukitafuta kitenzi hiki katika kila matini wanayoisoma. Sudi anakataa kuchonga. Mtu anayekataa haonekani kufanya lolote, ndiyo maana watahiniwa humsahau, ilhali vurugu nyingi husimama kwa sababu mtu fulani hakufanya alichoambiwa.

Tukio hilo pia linatuonya dhidi ya uzembe mmoja wa darasani, wa kuunganisha itikadi kali na dini moja au eneo moja la nchi. Na upo uzembe wa pili, ambao mimi naona ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na hekima: kueleza kwamba vijana huingia katika makundi hayo kwa sababu ya umaskini na kukosa elimu, basi. Katika shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambulizi alikuwa amehitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa Hazina wa kibarazani. Alikuwa amekaa katika madarasa ambayo wanafunzi wetu wanayaota. Kwa hiyo nilipoandika hapo juu kwamba swali ni nani alimfikia nani kwanza, sikukusudia mkate peke yake. Kijana aliyeshiba anaweza kufikiwa kwa maana ya maisha, kwa hadithi kubwa inayomwambia yeye ni nani na adui yake ni nani. Fasihi inashindana katika uwanja huo huo wa hadithi, nasi tunaipeleka uwanjani ikiwa imekatwakatwa kuwa hoja kumi.

Yuko mfano wa upande wa pili ambao ningependa usomwe sambamba na Tunu. Wajir, mapema katika miaka ya 1990, mapigano ya koo yalikuwa yamefika hadi sokoni. Mwaka wa 1993, kundi la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, walianza na jambo la karibu kabisa: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue sokoni bila kubaguliwa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana. Kazi hiyo ilikua ikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mwaka wa 2007 Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka wa 2011. Angalia kwamba ni soko tena. Mwanafunzi anayedhani Soko la Chapakazi ni mandhari tu aulizwe kwa nini mapatano ya Wajir yalianzia kwenye vibanda vya nyanya na maziwa, si katika ofisi ya mkuu wa wilaya.

Vitabu hivi viwili vilitahiniwa kwa miaka kadhaa na sasa nafasi yao imechukuliwa na Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Swali halijaondoka navyo. Mtahiniwa wa sasa anayemsoma Mangwasha, anayefanya kazi katika ofisi ya Chifu Mshabaha, anaweza kuuliza yale yale: nani katika riwaya ya Clara Momanyi anakataa, na vijana wanaotumiwa wamepewa majina au la? Wasiokuwa na majina, mwalimu awape wanafunzi kazi ya insha: mchague mmoja, mpe jina, umwandikie ukurasa mmoja unaoishia saa moja kabla ya kutenda aliyoyatenda. Asitetewe wala asilaaniwe. Nimeijaribu kazi hii na Kidato cha Tatu. Nilitarajia majina ya mbali. Karibu wote walichagua majina ya mtaani kwao.