Wasia wa Mgonjwa Mdogo: Mzazi, Mtoto na Muda wa Kupona katika Pig-Heart Boy ya Malorie Blackman

Makala haya yanakusudia kuichunguza riwaya ya Pig-Heart Boy, iliyotolewa mwaka 1997 na Malorie Blackman, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1962 na wazazi waliotoka Barbados. Wengi walioizungumzia riwaya hii wameivutia upande wa sayansi na maadili yake: je, ni halali binadamu kupandikizwa kiungo cha mnyama? Suala hilo limo, wala hatulipuuzi. Hata hivyo, tunashikilia kwamba kiini cha kazi hii ni muda wa kupona, yaani siku zile ndefu baada ya upasuaji ambapo mzazi na mtoto hulazimika kuishi pamoja na moyo ambao hakuna kati yao anayeuamini. Tunashikilia pia kwamba riwaya hii hufaulu zaidi pale ambapo mtoto mgonjwa anatwaa kiti cha msemaji, kiti ambacho katika fasihi ya Kiswahili tumezoea kumwona mzazi amekikalia.

Kisa chenyewe hakina utata. Cameron, mvulana wa miaka 13, ana moyo mbovu na hana matumaini ya kuishi muda mrefu. Rafiki zake huogelea, yeye hukaa kando na kuwatazama. Moyo wa binadamu haupatikani, ndipo daktari mmoja mtafiti, Bryce, anapojitokeza na pendekezo la kumpandikizia moyo wa nguruwe aliyefugwa kwa kusudi hilo. Wazazi wake, Mike na Cathy, hawana kauli moja juu ya jambo hili, na nyumba inagawanyika kabla kisu hakijashikwa. Mama naye ni mjamzito. Upasuaji unafanyika, siri inavuja kupitia kwa rafiki mpenzi wa Cameron, magazeti yanaizingira nyumba, na baadaye mwili wa kijana unaanza kuukataa moyo mpya. Yote haya tunasimuliwa na Cameron mwenyewe katika nafsi ya kwanza.

Ndani ya usimulizi huo umo usimulizi mwingine, nao ndio unaotushughulisha. Cameron anajirekodi kwenye kanda ya video akizungumza na ndugu ambaye hajazaliwa. Amempa jina la Alex, jina ambalo kwa Waingereza humfaa mtoto wa kiume na wa kike pia, kwa kuwa hajui ni yupi atakayekuja. Anazungumza naye kwa sababu huenda wasionane. Kwa maneno mengine, anaacha wasia.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulifikia neno hilo bila kumkumbuka Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Ikumbukwe kwamba utendi ule unaanzia kwenye kitanda cha mgonjwa. Mama anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kwamba hajapata nafasi ya kusema na mwanawe, kisha anamwita asogee, aketi, awe na wino na karatasi, kwa maana lipo jambo lililo moyoni mwake. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa kichwa kinachotaja wajibu wa mke, na tangu hapo wahakiki wengi, wanaoutetea na wanaoushutumu, wameshindana juu ya mume na mke. Kitanda kimesahauliwa. Lakini ukikiondoa kitanda, utendi unabaki kuwa orodha ya maagizo. Ni maradhi yanayoyapa maagizo yale uzito na haraka yake. Na jina la mtunzi lina kinaya ambacho hakuna fundi wa fani angeweza kukibuni, kwani Kupona hakupona: alifariki yapata mwaka 1860.

Shaaban Robert naye alifuata njia iyo hiyo alipowatungia wanawe Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, wa kwanza kwa binti, wa pili kwa mwana wa kiume. Mpangilio haubadiliki: mzazi anasema, mtoto anasikiliza, anayetarajiwa kuondoka ni mkubwa, anayebaki ni mdogo. Huu ndio mpangilio wa maisha yenyewe kama tunavyoyaombea yawe.

Blackman anaupindua. Anayetarajiwa kuondoka ni mtoto, na wazazi wake, ambao kwa haki ya umri ndio wangetoa wasia, hawana la kusema. Wanayo maneno, tena mengi: umekula, umelala, umemeza dawa, usikimbie. Wasichonacho ni neno la kweli, kwa sababu kila neno la kweli lingekuwa na kifo ndani yake. Kwa hiyo kijana analipeleka neno lake kwa yule wa pekee nyumbani asiyeweza kuumizwa nalo, mtoto aliye tumboni. Hapa mwandishi ameona mbali. Kamera ya Cameron ni wino na karatasi ya Mwana Hashima, ila mwenye kuishika ni mgonjwa mwenyewe, na msikilizaji hajawa na masikio. Katika kurasa hizo lugha ya riwaya inatulia. Mzaha wa kijana unabaki, lakini hauwi tena ngao ya kuwakinga wakubwa.

Kuna kitenzi cha Kiswahili kinachotusaidia kuieleza hali ya wazazi hawa kuliko maelezo marefu. Tunasema mtoto ameugua, mama anamuuguza, na tena tunasema mama ameuguliwa. Sarufi yetu inakiri kwamba ugonjwa wa mtoto ni tukio linalompata mzazi, kama vile kifo cha mtu kinavyowafanya wengine wawe wamefiwa. Mike na Cathy wameuguliwa. Tofauti yao ni kwamba baba huitikia kwa kutenda na mama kwa kuzuia, na riwaya inamtendea haki kila mmoja kwa kuonyesha kuwa kutenda na kuzuia vyote viwili hutoka katika hofu moja. Cameron anaitambua hofu hiyo, na kuanzia hapo yeye ndiye anayewauguza. Anapima la kusema na la kuficha. Anacheka pasipochekesha. Yeyote aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mtoto aliyepasuliwa atamtambua mgonjwa wa aina hii, anayetazama nyuso za wakubwa ili ajue hali yake mwenyewe, kisha akiziona zimeingia wasiwasi, huanza kuzituliza. Kauli yetu ya nyumbani, "utapona tu", huwa na kazi mbili: mkubwa humwambia mdogo, na mdogo akishaelewa, huirudisha.

Tugeukie sasa tatizo la fani ambalo riwaya hii haikulitatua vyema. Upasuaji una taharuki ya asili. Kuna kabla, kuna mlango unaofungwa, kuna saa za kungoja. Kupona hakuna tukio. Kifua kilichopasuliwa hufungwa mfupa wake kwa nyaya, na mfupa huo huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kuunga. Katika muda huo mtoto hainuliwi kwa kushikwa makwapani, habebi kitu kizito, na akikohoa hufundishwa kuukumbatia mto kifuani ili maumivu yapungue. Aliyepandikizwa moyo huongezewa dawa za kupunguza kinga ya mwili, ambazo hatazikoma maisha yake yote, na kwa sababu yake homa ndogo huwa jambo la kukimbiziwa hospitali. Siku hufanana. Maendeleo hupimwa kwa ngazi alizopanda au nusu bakuli ya uji aliyoimaliza. Msanii wa riwaya afanye nini na siku kama hizi?

Blackman anazijaza kelele. Waandishi wa magazeti, watetezi wa wanyama, majirani wenye kuogopa vijidudu, usaliti wa rafiki: kila sura ina mgogoro wake. Tunaelewa sababu. Anawaandikia vijana, na kijana aliyechoka hukifunga kitabu. Aidha, mgogoro wa rafiki una uzito wake, maana siri ya mwili wa mgonjwa inapouzwa gazetini mgonjwa hunyang'anywa kitu cha mwisho alichokimiliki. Lakini kelele hizi zinawapa wazazi na mtoto adui wa nje, na adui wa nje ni nafuu. Familia iliyojifungia ndani kuwakwepa wapiga picha haina haja ya kutazamana. Kila mara riwaya inapokaribia meza ya chakula, pale ambapo watatu hawa wangelazimika kuzungumza, mtu anabisha hodi. Tungependa sura moja, walau moja, ambamo habishi mtu.

Udhaifu huu unatuhusu kwa sababu katika Afrika Mashariki hadithi ya kupona moyo, mara nyingi, ndiyo hiyo ya siku zisizobishiwa hodi. Wengi wa watoto wetu wanaofikia upasuaji wa moyo ama wamezaliwa na kasoro, ama waliwahi kuumwa koo ambalo halikutibiwa, likafuatiwa na homa iliyowaumbua vali za moyo. Hospitali ya Mater jijini Nairobi imekuwa ikiwakusanyia watoto fedha za upasuaji kwa mbio za hisani tangu miaka ya 1990, na mwaka 2015 Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtoto akibadilishiwa vali na kuwekewa ya chuma hurudi kijijini na dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo atainywa daima, na damu yake itahitaji kupimwa mara kwa mara katika kituo kilicho mbali. Safari hiyo ya mama na mtoto kwenda kupima damu, mwezi baada ya mwezi, ingetosha kuwa riwaya. Fasihi yetu ina moyo kila ukurasa, moyo uliovunjika, uliokufa, uliopigwa konde, na bado ule wa nyama, wenye kovu juu yake, haujapewa nafasi inayoustahili.

Lipo pia suala la nguruwe. Msomaji Mwislamu wa Mombasa au Lamu hatalisoma kwa macho ya mtoto wa London, na mfasiri yeyote atakayethubutu kuileta riwaya hii kwa Kiswahili ajue hivyo. Kwa Blackman nguruwe ni mnyama mwenye jina, Trudy, na hatia ya Cameron ni hatia ya kuishi kwa kifo cha kiumbe asiyeulizwa. Kwetu kutaongezeka hoja ya unajisi, na papo hapo hoja ya dharura ambayo wanazuoni wa Kiislamu huitumia kulihalalisha lililokatazwa pale uhai unapokuwa hatarini. Tusidhani kwamba jambo hili ni la kubuni tu. Vali za nguruwe zimetumika katika vifua vya binadamu tangu mwaka 1965, zilipowekwa kwa mara ya kwanza huko Paris. Hoja ya unajisi ingeipa riwaya ya Kiswahili mazungumzo ambayo ya Kiingereza haina: mzazi akiuliza aamue nini kwa niaba ya mtoto ambaye kesho atasimama mbele ya Mungu na moyo ule.

Na hapa Kiswahili kinamtega mfasiri. Tunaposema "moyo wangu umekataa", tunamaanisha kwamba nafsi haikuridhia. Moyo ndio wenye kukataa na mwili hufuata. Katika wodi ya Cameron mambo yamegeuka, ni mwili unaoukataa moyo. Kijana anaambiwa kwamba damu yake, pasipo kumwuliza, imepiga kura dhidi yake. Anaulizwa kama yuko tayari kupandikizwa moyo wa pili, na swali linaelekezwa kwake yeye, si kwa wazazi wake. Kifo cha bibi yake kimetangulia uamuzi huo, na si bure: aliyestahili kuondoka kwanza ameondoka kwanza, mpangilio wa Mwana Kupona umerudi kwa kitambo, na mjukuu sasa anaweza kuyafikiria maisha yake bila kuona kwamba ameruka foleni ya wafu.

Mnamo Januari 2022 madaktari wa Chuo Kikuu cha Maryland mjini Baltimore walimpandikizia David Bennett, mtu wa miaka 57, moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni. Aliishi takriban miezi miwili. Magazeti yalifanya yaleyale ambayo Blackman aliyatabiri. Lakini aliyetoka mbele ya waandishi kuieleza hali ya mgonjwa alikuwa mwanawe, mtu mzima, akimsemea baba aliyelala kitandani. Katika Pig-Heart Boy mtoto husema kwa sababu wazazi wameshindwa. Katika Baltimore mtoto alisema kwa sababu ilikuwa zamu yake. Ukivisoma visa hivi viwili pamoja, utaona ni kwa nini kanda ya Cameron haielekezwi kwa Mike wala kwa Cathy. Wao wangeisikiliza kama wazazi, wakitafuta dalili katika kila pumzi yake. Alex ataisikiliza kama mtu anayejuana na mtu.