Kanga za Mwanakwerekwe: Maonyesho ya Moyo wa Mwanadamu

Huulizwa mara kwa mara, waalimu na mapadre wakutanapo, kama yafaa sisi kushughulika na maneno yaandikwayo katika kanga za wanawake. Wako wasemao kwamba ni maneno ya mzaha, hayastahili kuwekwa mbele ya wanafunzi. Wako na wasemao kwamba ni mabaya kupita mzaha, kwa kuwa ni mawe ya kurushiana majirani. Sisi twaona vingine. Twaona kwamba kanga ni maonyesho ya sanaa yasiyo na mlango wala kiingilio, na kwamba jambo lionyeshwalo humo ni moja tu, yaani moyo wa mwanadamu: maovu yake, mema yake, na yale yaupitiayo ya furaha na huzuni na mapenzi. Walakini kazi ikiisha kuitwa sanaa, yapasa ihukumiwe kwa haki, isifiwe palipo na sifa na ikosolewe palipo na kosa. Hilo ndilo tukusudialo hapa.

Atakaye kuyaona maonyesho hayo, na aende asubuhi sokoni Mwanakwerekwe, nje kidogo ya mji wa Unguja. Katika maduka ya Darajani na Mchangani ataona kanga nyingi zaidi, zimekunjwa au zimetundikwa. Lakini kanga iliyotundikwa ni kama ngoma isiyopigwa. Mwanakwerekwe zatembea. Mwanamke ainamaye kuchagua nyanya ana neno mgongoni. Aliye nyuma yake alisoma huku akingoja zamu yake. Naye ana neno lake mwenyewe, lasomwa na wa tatu. Hivyo kila mtu ni mtazamaji, na kila mtu ni picha.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali na pwani, yafaa tueleze nguo yenyewe. Kanga ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo wa pande zote nne, mji, ambao ni uwanja wa katikati wenye picha, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa katika kisanduku upande wa chini wa mji. Huuzwa mbili pamoja, zenye picha moja na jina moja, nazo huitwa doti. Nguo hii ilianza pwani yetu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Yasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, wakazishona pamoja sita sita kuwa nguo moja. Kisha wafanya biashara wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Maneno yalitiwa baadaye, mapema katika karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887 na kujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo litajwalo sana habari hizo zinaposimuliwa.

Hapa Unguja habari ina uzito zaidi. Zamani za utumwa mjakazi alivaa kaniki nyeusi, au merikani isiyotiwa rangi. Amri ya kuondoa utumwa ilipotolewa mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliziacha nguo hizo wakashika kanga. Basi mwenye kuidharau kanga na akumbuke ya kuwa kwa wengi ilikuwa hati ya uhuru kabla haijaandikwa neno lo lote. Tena ilipoandikwa, yule ambaye mama yake hakuwa na ruhusa ya kumjibu bwana wake alipata nguo imjibuyo kila mtu.

Na tuanze na maovu, kwa maana ndiyo mengi. Ovu litajwalo kupita yote ni husuda. Jina moja lasema: "Hasidi hana sababu." Ni maneno matatu tu, wala hatudhani kwamba hotuba ndefu yaweza kuongeza kitu. Mwivi ana sababu, maana ana njaa au ana tamaa ya mali. Mwenye hasira ana sababu, maana ameudhiwa. Lakini hasidi hakupungukiwa na kitu kwa neema ya mwenzake, na hata hivyo yaumwa. Aliyetunga maneno haya ameona tofauti ambayo wanachuoni wa dini wameitolea kurasa nyingi. Tena hakutaja mtu. Maneno yamesimama kama mti wa njiani, apitaye na apumzike chini yake au ajikwae.

Jina la pili halikufikia hapo, ingawa lapendwa sana: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Kwa sikio ni zuri. Pande mbili zapimana kama mizani, na meno na maneno yaitana. Lakini tukiliuliza kweli yake, lasitasita. Asiyeogopa maneno ya watu hana haja ya kuwatangazia. Angenyamaza akaenda zake. Mwenye kuvaa maneno haya ameonyesha kwamba yale maneno yalimchoma, na kwamba bado yachoma. Pengine hapo ndipo ilipo thamani yake, kuwa yafichua kile yanachokikana. Walakini mtungaji hakukusudia hivyo, nasi hatuwezi kumsifu kwa jambo lililompata bila kujua.

Katika mema, twaliweka mbele jina hili fupi: "Wema hauozi." Msomaji asiyefika sokoni ataliona kuwa ni methali tu. Lakini na alisome Mwanakwerekwe, saa ya alasiri, mahali samaki aliyekuwa mzima asubuhi sasa auzwa kwa bei ya kutupa, na nyanya zimeanza kutoa maji. Kila kitu kilichokizunguka kile kitambaa chaoza, naye mwenye kukivaa ajua hasara ya kuoza. Maneno hayo hayakutoka mbali. Yametoka katika vikapu. Kinyume chake ni jina "Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu." Fundisho lake ni la kweli, na vina vyake vyapatana, lakini dhahabu imetumika mno kwa mifano hata imepauka, na mtoto hafundishwi humo jinsi ya kumtunza mama aliye mgonjwa na mwenye hasira. Mema yakisifiwa kwa ujumla hayamshiki mtu.

Katika hisia za moyo, hatujaona lipitalo hili: "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Hapa hakuna ua, wala mwezi, wala marashi. Pana mtu katika kusanyiko, amejizuia mpaka machozi yamtoka, na mwisho kifua chamshinda mbele ya watu wote. Mapenzi yameonyeshwa kuwa ni furaha na aibu na ugonjwa kwa mara moja, na msomaji acheka kwa kuwa amejitambua.

Yasemwa kuwa ni kosa la kanga kwamba picha na maneno mara nyingi havipatani: mji una korosho au maua, na jina lanena habari za hasidi. Hatuhesabu hilo kuwa kosa. Picha ingeeleza maneno, maneno yangekuwa na maana moja, na nguo ingekuwa ya siku moja. Kwa kuwa picha yanyamaza, mvaaji aweza kusema, "Nimevaa nguo tu, nimependa rangi yake," na huenda ni kweli. Sitara hiyo imezuia ugomvi mwingi. Hasira iliyopita katika nguo haikupita katika mkono, wala katika tusi.

Lakini sitara hiyohiyo yatufikisha kwenye kosa lililo kubwa, nasi twataka kulieleza kwa mfano wa mbali. Katika mji wa Padua, Italia, pana kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1305, ambalo fundi Giotto alichora kuta zake. Chini ya ukuta mmoja alichora mema saba, na chini ya ukuta wa pili maovu saba, kwa rangi ya kijivu kama mawe, kila ovu likielekeana na jema lake. Husuda yaelekeana na upendano. Imechorwa kama mtu asimamaye katika moto, ameshika mfuko. Kinywani mwake mwatoka nyoka, na nyoka huyo amejipinda akarudi kuyauma macho ya yuleyule aliyemtoa. Mtazamaji apita katikati ya kuta hizo mbili, mema upande huu na maovu upande huu, wala hawezi kusema kwamba picha ile yamhusu jirani yake.

Tukirudi kwa kanga zetu, twaona kwamba nyoka hutoka kinywani asirudi. Katika zile tulizozisoma, zilizo nyingi zasema na "wewe": wewe hasidi, wewe msengenyaji, wewe usiyeshukuru. Zile zisemazo "mimi" zasema mimi mvumilivu, mimi nisiyeogopa, mimi niliyepewa na Mungu. Mara chache mno tumekuta kanga ya mtu aliyekosa. Ziko za sala na ziko za shukrani, lakini toba haina soko. Nayo desturi ya kuvaa yalizidisha jambo hilo, maana jina hukaa nyuma. Kila mtu sokoni aweza kulisoma, isipokuwa mmoja, naye ni yule aliyelivaa. Iko methali ya nyani, ambayo hatuna haja ya kuiandika hapa. Kila msomaji aijua, na yatosha.

Kwa sababu hii hatuwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba dawa ni kutengeneza kanga zetu za kikristo, zenye maneno matakatifu, tukaziacha hizi za mitaani. Kanga za namna hiyo zimekwisha kuwapo, hasa kwa sikukuu na yubile za makanisa, nazo zafaa kwa kazi yake, kwa kuwa zaonyesha umoja wa waliozivaa. Lakini hazimwonyeshi mwanadamu. Humo hakuna hasidi, wala mwenye kikohozi, wala mtu aliyechomwa na maneno. Aliyekasirika hataivaa kanga hiyo siku ya hasira yake, ataiacha kabatini mpaka Jumapili. Na siku ya hasira ndiyo siku yenye kuhitaji neno.

Twaona dawa nyingine, nayo imo katika desturi yenyewe. Kwanza, doti ni kanga mbili zenye jina moja, na marafiki wa kike hununua doti wakagawana, kila mmoja akavaa moja. Siku hiyo neno lililokuwa kidole limekuwa agano, kwa maana haliwezi kumhukumu mmoja bila kumhukumu wa pili. Hapo kanga imefika karibu na ukuta wa Padua. Pili, mwalimu aweza kuwatuma wanafunzi wake wakusanye majina ya kanga za nyumbani kwao, wayapange katika maovu na mema na hisia, kisha awaulize maswali matatu: Nani asema? Asema na nani? Na mimi nikiwa ndiye niambiwaye, ni kweli? Swali la tatu ndilo la thamani. Kazi hiyo haihitaji kitabu, wala haibagui mtoto wa Kikristo na mtoto wa Kiislamu, maana mama zao huvaa nguo ileile.

W. E. Taylor wa misioni ya C.M.S. alitoa kitabu cha methali za Waswahili mwaka 1891, nasi twamshukuru mpaka leo. Walakini methali kitabuni humngoja msomaji, na methali nguoni humfuata. Padre aliyepewa mimbari atamani maneno yake yatoke nje ya mlango wa kanisa pamoja na watu. Mwanamke wa Mwanakwerekwe amekwisha kulipata jambo hilo kwa bei ya doti moja. Haifai tumwonee haya, wala tumwonee wivu. Maana tukimwonea wivu, jina la kanga yetu limekwisha kuandikwa, wala sababu hatutakuwa nayo.