Kwa Wilson, Daraja la Sibiti sio daraja

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko. Grafu ninayoizungumzia hapa sio ile ya kidato cha pili yenye mhimili wa x na y. Hii ni nukta na mistari inayoziunganisha, basi. Nukta inaweza kuwa mji au mtu, na mstari ukawa barabara au urafiki.

Kwa mwanafunzi wa hisabati anayeanza chuo, kitabu kinachotajwa sana ni Introduction to Graph Theory cha Robin J. Wilson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1972. Sifa zake nazikubali. Ni kifupi, na mchoro wake mmoja wa mwanzoni unafanya kazi kubwa: unausoma kama ramani ya barabara, halafu unausoma upya kama saketi ya umeme. Mchoro ni ule ule. Hapo unaelewa kwamba kinachoangaliwa ni nani kaungana na nani. Urefu wa mstari hauhesabiwi.

Mimi ni wa Bariadi, kwa hiyo nikaijaribu nadharia nyumbani. Lami yetu inatengeneza mzunguko: Bariadi, Lamadi, Mwanza, Mwigumbi, Maswa, halafu Bariadi tena. Nukta 5, mistari 5. Kila nukta inaguswa na mistari miwili, namba shufwa, kwa hiyo kwa kanuni ya Euler ya mwaka 1736 unaweza kupita kila barabara mara moja tu na kurudi ulikoanzia. Safi kabisa.

Sasa hebu funga barabara ya Bariadi–Lamadi, kilomita kama 70. Grafu inasema hakuna shida, miji yote bado imeungana. Ni kweli: unapita Maswa, unatokea Mwigumbi, unakwenda Mwanza, ndipo unaitafuta Lamadi. Ni zaidi ya kilomita 200. Kamwambie hivyo mtu aliyebeba mgonjwa.

Kuna neno jingine. Kwenye nadharia hii, "daraja" ni mstari ambao ukiufuta, grafu inakatika vipande viwili. Kwa maana hiyo, Daraja la Sibiti linalounganisha Meatu na Mkalama, mkoani Singida, sio daraja! Likiondolewa, bado utafika Singida kwa kuzungukia Shinyanga na Nzega. Mtu wa Mwanhuzi akisikia hivyo atakushangaa, na ana haki.

Lawama yangu iko hapo. Wilson hajasahau umbali: kwenye toleo la nne, la mwaka 1996, mistari inapewa uzito na njia fupi inatafutwa katika sura ya tatu. Lakini inapita haraka, kisha tunahamia kwenye miti. Mimi nilikifunga kitabu nikiamini kwamba "imeungana" ni jibu kamili. Msomaji kama mimi akiajiriwa idara ya mipango ya halmashauri, anaweza kusema barabara fulani isubiri kwa sababu njia nyingine ipo. Hesabu yake itakuwa sahihi, na watu wataumia.

Kisome tu, bado ni mlango mzuri. Ila ukifika sura ya tatu, chora ramani ya wilaya yako na ujiulize ni barabara ipi ikifungwa itawaumiza watu zaidi. Jibu mara mbili: kwanza bila kilomita, halafu na kilomita. Majibu yakitofautiana, kaa hapo kwanza kabla ya kufungua sura ya nne.