Kivuko Kilichorudishwa Usagara

Sisi tuliokuwapo sebuleni kwa kijana mmoja wa Usagara, mpiga picha za harusi, Jumamosi iliyopita, tukiitazama seva yake ya nyumbani ikiwashwa kwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi, tuliyaona yote kwa macho yetu, nami sitarefusha maneno juu ya Proxmox, programu inayoigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa. Haja yangu ni jambo moja tu, nalo ni kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski kadhaa zionekane moja, iliyochomekwa kati ya diski na ZFS, mfumo wa mafaili unaojihakikia data wenyewe, uamuzi ambao, pamoja na mapenzi niliyo nayo kwa kijana yule na bidii yake, ulikuwa kosa tangu bisibisi ilipogusa skrubu ya kwanza.

Haki yake apewe. Proxmox aliiweka katika SSD yake peke yake, nyaya alizifunga kwa adabu, feni zinavuta hewa upande upasao, na mtandao haukukwama hata simu nne zilipovuta picha za harusi kwa wakati mmoja. Basi.

Sasa tuitazame kadi. Diski nne za terabaiti 4 zilikabidhiwa kadi kuukuu iliyotoka katika seva chakavu. Kadi ikazifunga kwa mtindo wa RAID 5, ikatoa mbele ya watu kitu kinachojiita diski moja ya terabaiti 12. Proxmox ikachonga humo diski pepe, na TrueNAS, programu ya kuhifadhi mafaili itumiayo ZFS, ambayo nayo ilikuwa ndani ya mashine pepe, ikapewa diski hiyo ya kudhaniwa na kuambiwa kuwa hii ndiyo hazina uilinde. ZFS iliumbwa ili iijue kila diski moja kwa moja; hapa haijui hata moja. Alama za uhakiki itaziandika, naam, na data ikiharibika itatambua. Lakini kutambua ni mbali na kuponya, maadamu tiba yake hutoka katika nakala ya pili iliyo mikononi mwake yenyewe, na nakala hiyo imefichwa ndani ya kadi, ambayo nayo haina njia ya kujua ni ipi kati ya diski nne isemayo uongo.

Tukiwa bado tunanywa chai, umeme ukakatika. Betri ya kadi ilikwisha kufa zamani, ilhali kadi yenyewe ilikuwa imeachiwa ruhusa ya kupokea data katika kumbukumbu yake ndogo na kujibu kwamba imekwisha kuandika, kabla diski hazijaguswa. ZFS ni karani mwenye taratibu, hafungui ukurasa mpya ila amehakikishiwa kuwa uliotangulia umekauka wino. Kadi ikampa hakikisho lisilo na dhamana. Umeme uliporudi, skrini ikataja kwa majina mafaili matatu yaliyoharibika, yote ya harusi moja, na chini yake hapakuwa na dawa. Wapo watakaomlaumu kwa kukosa UPS, betri ya akiba ya kompyuta, nami simtetei. Lakini UPS ingeliahirisha tu aibu ile mpaka siku nyingine.

Tunakaa pale ambapo njia ya Sengerema inaachana na ile ya Shinyanga, na kila mmoja wetu anazikumbuka saa alizopoteza katika foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa Juni 2025. Kadi ile ni kivuko kilichorudishwa kando ya daraja lililokamilika. Bodi ya kompyuta ya kijana ina matundu sita ya SATA, na Proxmox yake imekaa katika SSD ya M.2 isiyoyahitaji matundu hayo. Iliyobaki ilikuwa kuwasha katika BIOS VT-d, ruhusa ya kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi, na kukipitisha kidhibiti kizima cha SATA ndani ya mashine pepe, kazi ambayo aghalabu haigharimu hata senti. Hata kupitisha diski moja moja, njia nisiyoipenda kwa kuwa afya ya diski haionekani vizuri, kungekuwa afadhali. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole: “Mzee wangu, kadi ndiyo inayotumika kwenye seva za kweli.”

Donda langu la kale likatoneshwa. Patterson, Gibson na Katz walipoandika juu ya RAID huko Berkeley mwaka 1988, walitaka diski nyingi za bei nafuu zishindane na diski kubwa za matajiri. Waliofuata ndio walioigeuza kadi kuwa pambo la fahari. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, walioianza ZFS mwaka 2001 katika Sun Microsystems, walijenga juu ya shaka: diski yaweza kusema uongo, waya waweza, kadi yaweza, basi programu na ihakiki yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mafundi wa namna ile siwaoni siku hizi. Ninaowaona ni watu kama Linus Sebastian wa Kanada, mtengeneza video za kompyuta, aliyekiri hadharani Januari 2022 kuwa yeye na wenzake walipoteza data nyingi kwa sababu hakuna aliyepanga upekuzi wa mara kwa mara wa diski. Na yeye hakukosa fedha wala vifaa.

Na kadi ikifa? Diski zilizo mikononi mwa ZFS utazichomeka katika kompyuta yoyote yenye ZFS na matundu ya kutosha, ukaamuru ziingizwe, nazo zikaja pamoja na mali yote. Diski za kadi hutaka kadi ya jamaa ile ile, nami nimezunguka maduka ya Mwanza mjini nikitafuta ndugu yake bila kufanikiwa.

Nimemwomba kijana asiifute harusi yoyote katika kamera, anunue diski mbili za nje, anakili kila kinachosomeka, kisha tuvunje na kujenga upya, diski nne zote mbele ya ZFS. Amekubali. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakuwa Usagara, na kadi ile nitaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.