Kauri Inapokataa Kushika Chuma

Fundi wa mageti pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, hapaki rangi juu ya chuma kinachoteleza. Anakipiga msasa, anapangusa mafuta na vumbi, anapaka praima, ndipo rangi. Akiruka hatua moja, geti litabambuka kabla masika hayajaisha.

Nyonga bandia nazo ziliwasumbua wahandisi hivyohivyo. Chuma anachowekewa mguuni mwendesha boda boda aliyeanguka Jogoo Road kwa kawaida hakivikwi chochote, kwani kazi yake ni kushikilia mfupa mpaka uunge. Nyonga bandia ni ya kukaa miaka na miaka, nayo mara nyingi huhitaji mfupa uikumbatie. Kwa hiyo chuma chake, titani, huvikwa haidroksiapataiti, kauri ya kalsiamu na fosfeti, jamaa wa karibu wa madini yaliyo kwenye mifupa inayobaki mezani Soko la Burma. Daktari mpasuaji Ronald Furlong alianza kupandikiza nyonga za namna hiyo London mwaka 1985. Mfupa uliipokea kauri vizuri. Udhaifu ulikuwa upande wa pili, kauri inapokutana na chuma.

Unga wa kauri hupulizwa kupitia gesi ya plazima yenye joto linalopita nyuzi 10,000. Chembe huyeyuka, hugonga chuma, hubapa kama chapati na kupoa papo hapo. Katika kupoa huko kauri husinyaa zaidi kuliko titani. Chuma hakifuati, kauri inabaki imevutwa, na kauri ikivutwa hupasuka. Utando ukiwa mnene, mvuto huzidi.

Dawa ya kwanza ni ileile ya Kariobangi: chuma hupigwa kwa chembe za alumina mpaka kikwaruzike, kauri ipate mashimo ya kujishikiza. Ya pili ni praima, yaani tabaka la oksidi ya titani katikati.

Mimi navutiwa zaidi na njia ya Tadashi Kokubo na wenzake wa Japani, ya mwaka 1996. Hawakupuliza chochote. Waliloweka titani kwenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kwa nyuzi 60 saa 24, kisha wakaichoma kwa nyuzi 600. Ngozi ya chuma yenyewe ikageuka, na apataiti ikaota juu yake ndani ya maji yenye chumvi kama za mwilini. Hakuna mpaka mkali wa kubambukia.

Utando uliopulizwa hupimwa kwa kubandikwa gundi kwenye kipande kingine, kisha mashine huvuta. Kiwango cha ISO kinadai megapaskali 15, kama kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba. Tazama palipoachia. Ikiwa ni gundi, utando umestahimili. Titani ikionekana tupu, kazi inarudi kwenye msasa.