Kizidisho, au Hesabu Iliyo Nyuma ya Kioo cha Mita

Miongoni mwa kazi za ufundi zinazostahili sifa na hazisifiwi, imo hesabu ya kutafuta kizidisho, yaani namba ambayo kaunta huitumia kugeuza mapigo ya umeme yanayotoka kwenye kitambuzi yawe lita, mita au uniti ambazo mtu anaweza kuzisoma na kuzilipia. Kaunta yenyewe haijui maji wala mafuta; inachokijua ni kwamba mkondo umekatika na kurudi, na kwamba jambo hilo limetokea mara kadhaa. Mengine yote hutegemea namba moja iliyoingizwa na fundi siku ya kuifunga, ambayo, kifuniko kikisharudishwa, huenda isitazamwe tena kwa miaka.

Kinampanda, kata ya wilaya ya Iramba mkoani Singida, haina viwanda vikubwa, lakini mfano wa karibu zaidi wa hesabu hii hupatikana katika kila nyumba yenye mita ya umeme ya LUKU. Taa ndogo inayomweka kwenye mita hiyo ndiyo pigo lenyewe, na kando yake huandikwa idadi ya mapigo yanayolingana na kilowati-saa moja, ambayo watumiaji huiita uniti. Ikiwa mita ni ya mapigo 1000 kwa uniti, kila mmweko huwa ni wati-saa 1, na birika la wati 2000 likiwaka peke yake taa humweka kila baada ya sekunde 1.8, jambo ambalo yeyote mwenye saa anaweza kulihakiki bila kufungua kitu. Mashine kubwa za kukamua alizeti, zao linaloujulisha mkoa huu nchini, huongeza hatua moja: mkondo wake ni mwingi kuliko uwezo wa mita, kwa hiyo mita hupewa sehemu tu kupitia transfoma ya mkondo, na kama transfoma hiyo hugeuza ampea 200 kuwa 5, kinachosomwa sharti kizidishwe kwa 40.

Hadi hapo hesabu ni nyepesi, kwa sababu namba zinagawanyika vizuri. Ufundi huanza pale zinapokataa. Ichukuliwe kaunta inayofungwa kwenye kituo cha kuchotea maji, cha aina inayosimamiwa na vyombo vya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, na ichukuliwe kwamba ndani ya bomba mna kigurudumu chenye sumaku kinachotoa mapigo 450 kwa kila lita. Kila pigo ni lita 1 gawanya kwa 450, yaani 0.002222, na tarakimu ya 2 huendelea kujirudia pasipo mwisho. Kaunta nyingi hupokea tarakimu nne tu baada ya nukta, hivyo fundi mwenye haraka huandika 0.0022 na kwenda zake, akiamini kwamba kilichoachwa ni kidogo mno kuweza kumdhuru mtu. Kwa ndoo ya lita 20, hata hivyo, kaunta hiyo haitafika 20 mpaka ihesabu mapigo 9,091, ambayo ni lita 20.2, kwa hiyo kwa kila ndoo 99 zinazolipiwa hutoka maji ya ndoo 100. Akiandika 0.0023 ili chombo kinachosimamia kituo kisipate hasara, hasara huhamia kwa mchotaji, ambaye kwa kila ndoo hupungukiwa karibu theluthi mbili za lita. Makosa ya kusoma kwa macho huenda huku na huku na mara nyingi hufidiana, lakini kosa la kizidisho halibadili upande hata siku moja.

Dawa yake haihitaji kifaa cha bei kubwa. Fundi hubadili kipimo kabla ya kugawanya: badala ya kuhesabu lita, huifanya kaunta ihesabu sentilita, ambazo ni 100 katika lita, na kizidisho huwa 100 gawanya kwa 450, yaani 0.2222, kisha huweka nukta ya kioo kabla ya tarakimu mbili za mwisho, nukta ambayo katika kaunta nyingi ni alama ya macho tu na haigusi hesabu. Ndoo ileile sasa husomeka 19.99, na upungufu halisi ni mililita 2. Angeweza kwenda mbali zaidi, akahesabu mililita kwa kizidisho cha 2.2222, lakini kioo cha tarakimu sita kingejaa kabla ya lita 1,000 na kurudi sifuri, ilhali kwa sentilita hufika karibu lita 10,000. Uamuzi huu wa kupima usahihi dhidi ya nafasi ndio uzuri wa kazi yenyewe. Zipo pia kaunta zinazopokea kizidisho na kigawanyo kwa pamoja, ambazo mtu huziandikia 1 na 450 basi. Ni nzuri, ingawa zinamnyima fundi fahari kidogo. Walimu wanaoandaliwa katika Chuo cha Ualimu Kinampanda wangepata hapa zoezi la desimali lenye uhai kuliko machungwa yanayogawanywa sawasawa vitabuni.

Hata hivyo, namba 450 ni ahadi ya mtengenezaji, na bomba lina mambo yake. Maji ya tangi yakipungua, mkondo hulegea na kigurudumu huteleza bila kuzunguka inavyopaswa, hivyo mapigo hupungua ingawa lita ni zilezile. Kwa sababu hiyo kizidisho cha karatasini huthibitishwa kwa chombo cha ujazo unaojulikana, kikijazwa kwa mkondo wa kawaida wa siku: kizidisho cha zamani huzidishwa kwa ujazo halisi na kugawanywa kwa ujazo uliosomwa. Kioo kikionyesha 19.60 wakati chombo kimeshika lita 20 kamili, 0.2222 hugeuka kuwa 0.2267. Kipimo kinachotumika katika biashara huwa chini ya macho ya Wakala wa Vipimo, na lakiri yake haikatwi na fundi kwa hiari yake. Fundi makini huandika ndani ya kifuniko vizidisho vyote viwili, kile cha karatasini na kile cha chombo, pamoja na tarehe, ili atakayefuata, akikuta 0.2267 mahali alipotarajia 0.2222, asiirudishe nyuma kwa kudhani ni kosa.