Heko kwa Waasisi wa Mteremko wa Repack

Kabla ya kuwa bidhaa ya dukani, baiskeli ya milimani ilikuwa utundu wa vijana wa Marin County, California. Oktoba 1976 walianza kushindana na saa katika mteremko wa vumbi wa Repack, karibu na Fairfax, wakiendesha baiskeli kuukuu za matairi manene. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Ulifunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Kufika chini, grisi ilishaungua ikawa moshi, na habu ilibidi ifunguliwe, ipakwe nyingine.

Kwangu, heko kubwa ni ya Joe Breeze, aliyeunda mwaka 1977 fremu mpya mahususi kwa milima. Gary Fisher na Charlie Kelly ndio waliofanya biashara, wakiuza fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki.

Leo kuna shokapu mbele na nyuma (mgongo wangu unazishukuru) na hata mota, ambayo bado sijaizoea. Waliosahaulika ni wanaojitolea kushika majembe, wakichimba michirizi ili mvua isiitafune njia.